Ubeti wa Tatu wa "Ngazi za Nyuma"

Ghorofa ya pili, juu ya karakana ya fundi spika,
Mtaa wetu uleule.
Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi hapo ulipo, wewe na wifi yangu na hao watoto ninaowajua kwa picha tu. Hamjambo wote? Yule mdogo kikohozi kimekwisha? Mara ya mwisho uliponipigia alikuwa anakohoa nyuma yako mpaka mimi huku nikainuka kutafuta maji ya kunywa. Na mgongo wako vipi? Usiniambie "unaendelea vizuri" kama unavyomwambia bosi wako. Mimi dada yako, niambie unauma au hauumi.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mama yupo, macho ndiyo yanamsumbua, ila ulimi wake bado una makali yaleyale na wiki hii amegombana na daktari wa macho kuhusu umri wake. Kitinda mimba wangu, ambaye ulipoondoka alikuwa hajaota meno, sasa ananyoa ndevu na kuniachia vinyweleo kwenye beseni. Utanisamehe mwandiko. Mkono uliozoea mkasi ukishika kalamu unakuwa mkaidi.

Nimehamisha cherehani zangu. Kile chumba cha zamani kilikuwa na giza, nikawa natunga uzi kwa kubahatisha. Hiki kipya kina madirisha mawili na sakafu ya mbao, na ubaya wake ni mmoja tu, kwamba chini yangu ni karakana ya fundi spika, na kila neno linalosemwa kule linanifikia. Jamaa ana marafiki wengi na wote hawajui kusema taratibu. Weka hilo akilini, maana nitalirudia.

Kwanza nikwambie jambo lenyewe, kwa kuwa nakufahamu, umeshaanza kuruka mistari ukitafuta baya liko wapi. Liko hapa. Kaka amefanyiwa upasuaji wa koo. Ule ukavu wa sauti aliokuwa akiulaumu moshi wa jukwaani ulikuwa uvimbe, tena mahali palepale sauti inapotokea, na madaktari walilazimika kuondoa kila kitu. Yu hai, anatembea, anakula vitu laini, na wanasema ugonjwa wameuwahi. Sauti ndiyo hana tena, na haitarudi.

Najua utaniuliza kwa nini unaambiwa leo. Alitukataza. Aliandika kwa herufi kubwa, dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, kwamba wewe usiambiwe mpaka apone. Tukatii, kwa sababu nani wa kubishana na mtu aliyelala na mipira puani. Sasa anasema amepona, lakini bado hataki. Mimi nimechoka kutii.

Usimfikirie amelala kitandani anasubiri kuonewa huruma. Kaka ni yuleyule, kichwa kigumu. Anapumua kupitia tundu dogo chini ya shingo, na mimi nimemshonea vitambaa vyepesi vya kulifunika, vyeusi vyote, kwa sababu nilipomshonea chenye maua alinirushia. Anaandika kwenye kibao kidogo kwa chaki. Tukiongea pamoja wengi anakuwa nyuma sana. Akimaliza kuandika jibu sisi tumeshafika habari nyingine, naye anakifuta kwa hasira. Gitaa bado anapiga. Mkewe, shemeji yako, anasema anapiga zaidi kuliko zamani.

Sasa nije kwenye "Ngazi za Nyuma".

Huenda hujui wimbo wenu umefika wapi. Ulidhani ulikufa na bendi? Thubutu. Una mashabiki mpaka vijana ambao mama zao walikuwa hawajaolewa mlipourekodi. Wana kundi lao la kwenye simu, na Jumamosi wanakutana hapa chini kwa fundi spika, ambaye ndiye kiongozi wao wa kelele. Wanakaa juu ya maboksi ya spika zilizokufa na kubishania wimbo mmoja kuanzia mchana mpaka fundi anafunga mlango. Nimeshona magauni mangapi ya harusi huku nasikiliza watu wazima wakitishiana ngumi kwa ajili ya ubeti.

Ugomvi wao uko hivi. Ipo kanda ya kwanza, ile mliyorekodia kwenye ghala la magodoro mjomba alikokuwa mlinzi, ambayo ina beti tatu na wa tatu unauimba wewe. Halafu ipo rekodi ya studio kubwa, ile iliyopigwa redioni, ambayo ina beti mbili tu. Pale ubeti wa tatu unapotakiwa kuwa, muziki unaendelea mtupu, hakuna anayeimba, kisha kiitikio kinaingia kama kwamba hakuna kilichokosekana. Na jukwaani, miaka yote, Kaka amekuwa akifanya hivyohivyo.

Fundi spika na wenzake wanaapa kwa ile kanda. Kwao, wimbo ni mtu anayetoroka nyumbani kwa kimya, na bila yule anayemjibu kutoka ndani haujakamilika. Wa upande wa pili wanaongozwa na nesi mmoja, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupanga foleni. Kwao pengo ndiyo maana yenyewe: mtu ameondoka, amesikiliza nyuma yake, hakuna aliyemwita. Kuna na kundi la tatu ambao ni wendawazimu tu, wamejitungia beti zao wenyewe za kujaza pale. Mmoja ametunga ubeti kuhusu mbwa wake.

"Mwenyewe hauimbi," nesi anasema, "wewe ni nani wa kumrudishia?"

"Hauimbi kwa sababu alimfukuza aliyekuwa anauimba!" fundi anajibu. "Kila mtu anajua waligombana!"

Hapo mimi huwa naongeza mwendo wa cherehani ili nisisikie.

Maana na mimi hivyo ndivyo nilivyojua. Wiki ya studio iliangukia wiki ya safari yako. Wewe ukamwomba Kaka asogeze studio, yeye akakuomba usogeze safari, na mkabaki mnatazamana kama majogoo. Ukaondoka na begi lako, yeye hakushuka hata kukuaga. Ajabu yake ni kwamba aliyekuwa akiimba ubeti wa kuondoka ndiye aliyebaki, na wewe uliyekuwa unaimba "komeo sijalisukuma, taa sijaizima, ukirudi usibishe hodi, wewe ingia ulale", ndiwe uliyekwenda.

Kisha rekodi ikatoka, ikakufikia huko, na ukanipigia simu. Sikumbuki ulisema mengi. Nakumbuka ulisema, "Dada, amenifuta." Tangu siku hiyo hujamtaja kwa jina, na yeye akikutaja anakuita "mwenzenu wa mbali". Ukinipigia mimi, unaniuliza habari za Mama, za watoto, hata za paka. Unaruka mtu mmoja.

Kabla ya upasuaji Kaka alipiga onyesho moja la mwisho, mchana, kwenye ukumbi wa reli. Daktari alikuwa amemkataza; yeye akasema koo ni lake. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Sauti yake ilikuwa imeharibika, mdogo wangu, ilikuwa inakwaruza kama mlango wa bati, lakini hakuna aliyejali. Alipofika kwenye pengo, akafanya alivyofanya siku zote. Akarudi nyuma hatua moja, akaangalia pembeni, akaendelea kupiga gitaa.

Ndipo fundi spika na watu wake wakaanza kuimba ubeti wa tatu kwa nguvu. Watu wa nesi nao wakaanza kuwanyamazisha. Kaka akainua mkono kuwataka wote wakae kimya. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri simu iite. Wakanyamaza, pengo likapita, akamalizia kiitikio, na hiyo ikawa mara ya mwisho yeye kuimba duniani. Nje ya ukumbi mashabiki wakashikana mashati. Kijana wa mbwa alipasuka mdomo.

Sikuelewa kitu. Nilienda nyumbani nikilalamika kuhusu joto.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanabishana hapa chini kuhusu jambo jipya. Wamegundua kwamba kwenye rekodi ya studio, katika lile pengo peke yake, kuna sauti ndogo ya upepo, "shhh", ambayo haipo mahali pengine popote kwenye wimbo. Fundi akasema ni hitilafu ya mashine. Nesi akauliza ni mashine gani inayokosea mahali pamoja tu, tena vizuri namna ile. Basi wakaisikiliza tena na tena, mimi huku juu karibu nishone kidole changu.

Nyundo alikuwa amekuja kuchukua redio yake. Unamkumbuka Nyundo, mpiga dramu wenu. Bado ananyoosha bodi za magari, na tumbo limemtangulia kama bampa. Alisimama mlangoni akawasikiliza mpaka akachoka.

"Nyie watu hamna kazi?" akasema. "Hiyo ni maiki. Ilikuwa wazi, na hakukuwa na mtu mbele yake."

Nikaacha kushona. Nikashuka ngazi bila viatu.

Hivi ndivyo alivyosimulia, na mimi nakuandikia bila kutia chumvi. Siku ya studio, fundi wa kurekodi alimtaka Kaka auimbe ubeti wa tatu yeye mwenyewe. Kaka akakataa, akasema ule si wake. Basi yule fundi akashauri waukate, wimbo uwe mfupi, redio wanapenda nyimbo fupi. Kaka akakataa hilo nalo. Akaomba kipaza sauti cha pili. Wakakiweka kando ya chake, na akakishusha yeye kwa mkono wake mpaka kwenye kimo chako, wewe mfupi wetu. Ilipofika zamu yako akaamuru kifunguliwe, wakapiga muziki wa ubeti mzima, halafu kikafungwa. Nyundo anasema Kaka alikuwa anakitazama kile kipaza sauti muda wote. Walipomaliza, mmoja wa bendi akauliza hicho ni kichekesho gani. Kaka akajibu: "Akisikia atajua." Akawaapisha wasimwambie mtu.

Na jukwaani pia. Kila onyesho, vipaza sauti viwili mbele, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Ile hatua anayorudi nyuma ni kukupisha.

Mdogo wangu, mimi nimeviona vipaza sauti hivyo kwa macho yangu haya miaka yote. Nilidhani kile kifupi ni cha akiba, kama mimi ninavyoweka sindano ya akiba pembeni ya cherehani. Hata siku moja sikuuliza kwa nini cha akiba kifupi.

Fundi spika akakaa kwenye boksi lake. Nesi akatoa leso. Baadaye wakaanza upya kubishana, bila shaka, hawa si watu wa kunyamaza, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kaka. Nilimkuta dirishani anabadilisha nyuzi za gitaa. Sikumsalimia hata, nikamwuliza ile maiki fupi ilikuwa ya nani. Alinitazama kama nimemwuliza leo ni siku gani. Akaandika: "Yake."

Nikamwuliza kwa nini hakukwambia. Akafikiri, akaandika: "Nilidhani anajua."

Ndipo nikamwambia ulichoniambia kwenye simu siku ile, kwamba amekufuta. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilikuwa nimejipa kazi ya kulinda amani, nikawa nachuja maneno ya kila upande kama chai, na neno hilo nililiona kali mno, nikalibakiza kwangu. Kumbe ndilo hasa alilotakiwa kulisikia. Yeye alikuwa anadhani umesikia nafasi yako, ukaikataa. Kila onyesho alikuwa anakufungulia upya, na kila mwaka uliopita bila wewe kusema neno alihesabu kuwa ndilo jibu lako.

Alisahau. Bado huwa anasahau. Alifungua mdomo aniambie kitu, midomo ikaenda, na kilichotoka ni pumzi tu pale shingoni, kile kitambaa kikapepea. Akafunga mdomo. Hakushika chaki. Sijui alitaka kusema nini na sikuweza kumwuliza. Nililia pale mbele yake kama mtoto, naye akanipigapiga begani, mgonjwa anambembeleza mzima.

Nimekasirika sana, nikwambie ukweli. Nimewakasirikia nyote wawili. Wewe mwenye masikio ya muziki, uliyekuwa ukinisahihisha nikiimba jikoni, ulisikilizaje pengo lile ukasikia tusi? Na yeye, mwenye ulimi mzima wakati ule, ilimgharimu nini kusema neno moja? Mlikuwa na lugha yenu ya gitaa mkadhani inatosha. Miaka yote hii mngeweza kuimba pamoja, hata kwa simu, hata vibaya. Najuta kwa ajili yenu mpaka nashindwa kushona pindo likanyooka. Na hasira ikiniisha nabaki na huzuni tupu, kwa sababu hakuna wa kumpelekea mashtaka.

Kuna habari nyingine. Fundi spika alirekodi lile onyesho la ukumbi wa reli moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, safi kabisa, na kipaza sauti cha pili kimo, kiko wazi. Anasema ukiimba ubeti wako kwenye simu, chumbani palipotulia, godoro ukaliegemeza ukutani kama mlivyofanya kwa mjomba, yeye anaweza kuiweka sauti yako pale penye pengo. Mtakuwa mmeimba pamoja. Nesi amekubali kwa shingo upande. Wengine wameshaanza kugombana kama hilo litakuwa toleo halali, yaani wanapigania toleo ambalo hata halijazaliwa. Ukitaka fanya, usipotaka acha, mimi hilo naliona la pili.

La kwanza ni hili, na nakuomba kama dada yako. Usije ukamwandikia barua ndefu ya kujieleza. Mpigie simu. Piga mchana, shemeji yako akiwa kazini, ili apokee mwenyewe. Nimemwambia akiona namba ya mbali apokee, ingawa sikumwambia kwa nini. Utasikia pumzi tu. Usidhani simu imekatika. Usimwulize habari, hawezi kukujibu. Usimwombe radhi, wala usingoje yeye akuombe, muda wa hayo tumeshaupoteza wote. Wewe imba ubeti wako, kuanzia komeo mpaka mwisho. Ukimaliza, usikate haraka. Atakuwa bado anasikiliza.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie vipimo vya gauni lake avitume tena, nilivyonavyo ni vya kabla hajazaa. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Shemeji yako anakusalimu. Mjomba naye anakusalimu. Amestaafu ulinzi, lakini bado analala akiwa amevaa buti. Nyundo anasema yuko tayari hata kesho. Kaka hajakutumia salamu kwa kuwa hajui ninaandika, ila mimi nakusalimia kwa niaba yake.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe afya, na ausogeze mkono wako mpaka kwenye simu.

Ni mimi wako nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Dada yako